Mwonjaji wa Bahasha

Nyumba ile ya vyumba viwili ilikuwa na serikali kamili. Mke alishika wizara zote za maana: jiko, unga, karai na mfuko wa mbele wa aproni. Wifi yake, msusi wa nywele aliyekuja kukaa wiki moja akasahau kuondoka, alikuwa upinzani. Mume alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, lakini tangu aanguke kutoka kwenye ngazi kazini na kupiga kichwa sakafuni, kizunguzungu kilimkataza hata kupanda juu ya kiti. Yeye alibaki na cheo kimoja tu, na alikilinda kuliko alivyolinda macho yake. Alikuwa mwonjaji.

Cheo hicho hakikuwa cha mzaha. Mke alikuwa akikaanga vikate vya matufaha. Alisukuma unga mpaka ukawa mwembamba, akaweka katikati matufaha yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na sukari, ndimu na mdalasini, akakunja, akabana kingo kwa uma, akatumbukiza kwenye mafuta ya moto. Kwa umbo lake watu walikiita kikate hicho bahasha, na mwenyewe wakamwita Mama Bahasha. Tatizo ni kwamba Mama Bahasha alikuwa na kisukari. Daktari alimwambia kuhusu vitu vitamu kwa sauti ambayo watu huitumia kumwambia mtoto kuhusu umeme. Basi mwanamke huyo alitengeneza utamu kila siku kwa imani tu.

Ndiyo maana bahasha ya kwanza ya kila asubuhi ilipandishwa kwenye kisahani cha bluu chenye ukingo uliomeguka, ikapelekwa kwa fundi, aliyekaa kwenye kiti chake karibu na mlango akiwa amekwisha kunawa na kuchana nywele. Fundi aliiinua, akaikagua pande zote kama anayetafuta ufa kwenye bawaba ya geti, akauma, akafumba macho. Nyumba ikanyamaza. Halafu hukumu ikatoka.

"Tamu."

Siku nyingine alisema sukari imezidi, na mke alipunguza bila kubisha. Hakuna bahasha iliyovuka kizingiti kile kabla ya neno lake.

"Kaka anafanya kazi ya sulubu," wifi alizoea kusema akitafuta viatu vyake chini ya meza. "Jana nimemwona anatokwa jasho kwa kutafuna."

Fundi hakujibu upinzani. Viongozi wakubwa hawajibu kila kitu.

Wakati huo serikali ilikuwa kwenye jambo zito. Kwa miaka mingi Mama Bahasha aliuzia wafanyakazi wa kiwanda cha nguo nje ya geti, jua likimchoma upande mmoja na vumbi la malori upande wa pili. Sasa msimamizi wa kantini ya ndani alikuwa amemwita. Alitaka kitu cha chai ya saa nne kwa kiwanda kizima, kila siku ya kazi, na akamwambia alete sampuli wazionje. Akikubaliwa, binti yao aliyekuwa shule ya bweni angemaliza mwaka. Akikataliwa, binti angefungasha godoro lake na kurudi nyumbani, na wote watatu walijua hivyo, kwa hiyo hakuna aliyelitaja.

*

Jioni ya kuamkia siku ya sampuli, fundi alirudi kutoka matembezini akiwa amekumbatia ndoo nyeupe ya plastiki yenye mfuniko wa kubana. Alitembea kwa mwendo wa mtu anayeleta kombe.

Alikuwa amepita kwenye karakana yake ya zamani, ambako wenzake walimsalimia kwa ile sauti ya juu ambayo watu huwasalimia nayo wagonjwa, wakampa ndoo hiyo ili aondoke na kitu. Alieleza kwamba sasa matufaha yatakatwa jioni, yalale ndani ya ndoo na sukari na ndimu, yasipate hewa wala mdudu, na asubuhi mama atabaki na kukunja tu. Mke aliuliza ilikuwa na nini kabla. Fundi akasema ilikuwa ya kulowekea vyuma, lakini hilo si tatizo. Akaenda nayo nje, akaisugua kwa sabuni, akaisugua kwa majivu, akaisugua kwa mchanga, mpaka jirani akamuuliza kama anaiosha au anaiadhibu. Kisha mbele ya mkewe na dada yake aliingiza kichwa kizima ndani ya ndoo, akavuta pumzi ndefu, akatoka.

"Hakuna kitu," alisema. "Safi kama imetoka dukani."

Nao wakaamini, maana nani atabishana na pua ya mwonjaji?

Mama Bahasha alikuwa amenunua matufaha mazuri kuliko ya kila siku. Alimenya, akakata vipande vidogo, vyote sawa, akavikamulia ndimu visigeuke rangi, akamimina sukari na mdalasini, akajaza ndoo. Fundi mwenyewe alibana mfuniko, akaupigapiga kwa kiganja.

Asubuhi jiko lilikuwa likitoa moshi. Lilikuwa jiko la mafuta ya taa, la tambi, nalo lilikuwa limeishi katika nyumba ile muda mrefu kiasi kwamba mapazia, mito na nywele za wote vilinuka mafuta ya taa, na hakuna aliyekuwa akiisikia harufu hiyo tena. Hata hivyo, mke alipofungua ndoo alisita. Alisema leo naona kama inanuka zaidi. Fundi akainuka kutoka kwenye kiti chake, akapiga magoti mbele ya jiko kwa heshima zote, akakata ncha za tambi kwa mkasi, akazipanga sawasawa, akafuta vidole.

"Ilikuwa tambi," alisema.

Bahasha ya kwanza ikapanda kisahani cha bluu. Fundi aliuma, akafumba macho. Leo alichelewa kidogo kuyafungua, maana alijua uzito wa siku. Mke alisimama na kijiko chake cha matundu, uso umeng'aa kwa joto na matumaini. Fundi alifungua macho, akautazama uso huo.

"Tamu," alisema. "Nenda kifua mbele."

Wifi alikuwa bado amelala. Angeamshwa aonje, hadithi hii isingekuwepo. Lakini zote zilikuwa za kiwanda, na upinzani hupewa makombo tu.

*

Getini wateja wake wa siku zote walimzunguka. Mama Bahasha aliwaambia leo haziuzwi, amekuja kuonana na msimamizi. Wakapeana macho. Mshonaji mmoja akasema siku hizi mwenzetu ni wa mabosi, mpisheni njia msimchafue, na askari wa geti akamfungulia kwa saluti. Alicheka nao, akapita. Kikapu kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheupe alichokipiga pasi mara mbili.

Ndani, mezani, walikaa msimamizi wa kantini, keshia, na mpishi mkuu ambaye tumbo lake lilifika mezani kabla yake. Msimamizi alikuwa mtu wa adabu, wa kalamu mfukoni. Alizisifu bahasha kwa macho kwanza: rangi ya dhahabu, kingo zimebanwa vizuri, hazichuruziki mafuta.

"Nani ameonja?" aliuliza, kwa mazoea tu.

"Mume wangu," Mama Bahasha alisema, na shingo ikanyooka yenyewe. "Hakuna kinachotoka kwangu bila yeye."

Wakauma, wote watatu kwa pamoja.

Keshia ndiye aliyeacha kutafuna kwanza. Alibaki na shavu moja limevimba, akimtazama msimamizi kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Msimamizi alimeza, kwa sababu ya adabu, na macho yakamjaa maji. Mpishi mkuu hakuwa na shida hizo. Alitema kwenye karatasi, akaikunja, akaisogeza mbali.

"Zimeni gesi," aliwaambia vijana wake kule jikoni. "Asiwashe mtu kiberiti hapa mpaka mama huyu atoke."

Jiko zima likacheka. Mama Bahasha naye akaanza kucheka, akidhani amepitwa na utani fulani, halafu akaona hakuna anayecheka naye. Alisema kwamba hapana, haiwezekani, zimeonjwa. Alisema hivyo mara ya pili. Keshia, akiwa amekunywa glasi nzima ya maji na sasa anafuta ulimi, alimsogezea sahani.

"Basi onja mwenyewe, mama."

Angeweza kusema ana kisukari. Kwenye chumba kile ingesikika kama kisingizio. Aliuma.

Ukoko ulivunjika vizuri, hilo alilisikia. Kisha harufu ya mafuta ya taa ikampanda kutoka kooni hadi puani, nzito, ya karakana, ikakaa. Chini yake, mbali sana, kulikuwa na tufaha na mdalasini, kama watu wanaoita kutoka ndani ya nyumba iliyofungwa. Alielewa kila kitu kabla hajameza. Ndoo. Vyuma hulowekwa kwenye mafuta ya taa. Kichwa ndani ya ndoo. Kisahani cha bluu, asubuhi ya leo, na zile asubuhi zote.

Hakumtaja mumewe. Alisema kosa ni lake, alichanganya vyombo. Msimamizi alizungusha kalamu, akatazama dirishani. Ijumaa, alisema, anakuja mama mwingine, wa keki. Kama Mama Bahasha anataka kuja kabla yake asubuhi hiyo, aje. Lakini ahesabu kwamba hakuna mara ya tatu. Akaomba, kwa upole, apitie mlango wa nyuma, kwa ajili ya harufu.

Mlango wa nyuma ulikuwa na mapipa ya taka. Alisimama hapo na kikapu chake. Paka wa kiwanda alikuja, akanusa bahasha moja, akapiga chafya, akaondoka. Hapo ndipo alipozimwaga zote.

*

"Wamesemaje?" fundi aliuliza kabla mkewe hajafika kitini. Alikuwa amevaa shati la kola.

Mke alisema wanataka waone tena Ijumaa. Fundi akauliza kwani za leo zilikuwa na nini, akaambiwa hawakusema vizuri. Aliwaza, akatoa maoni kwamba watu wa maofisini hawana ulimi, wanakula chochote chenye chapa.

Mke aliingia jikoni, akafunga pazia.

Matufaha yalikuwa yamekwisha. Alichukua viazi viwili kutoka kwenye kapu, akavimenya, akavikata vipande vidogo, vyote sawa. Akavikamulia ndimu, akaweka sukari na mdalasini, akavibandika jikoni kwa maji kidogo mpaka vikalainika lakini vikabaki na ugumu kidogo wa kutafunika. Akasukuma unga uliobaki, akakunja bahasha mbili, akabana kingo kwa uma. Alizifanya nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Wifi alikuwa amerudi kutoka saluni, vidole vimekauka, njaa imemkaba. Alipoona kisahani cha bluu kinapita mchana, aliuliza kama Bunge limeitwa kikao cha dharura. Akanyoosha mkono akachukua ile ya pili bila kualikwa, akauma. Akakunja uso. Akafungua mdomo aseme, maana yeye hakuwahi kufungua mdomo kwa kazi nyingine, na hapo akakutana na macho ya Mama Bahasha. Sijui aliona nini humo. Alifunga mdomo, akaendelea kutafuna polepole, akageuka kumtazama kaka yake.

Fundi aliikagua bahasha pande zote. Aliuma, akafumba macho. Nyumba ikanyamaza kama kawaida yake, ila ukimya wa leo ulikuwa na watu wawili wasiopumua. Alipofungua macho alimtafuta mkewe usoni, na mkewe akampa uso wa kila siku, mtulivu, wenye tabasamu dogo pembeni. Ulimgharimu kuuvaa.

"Tamu," fundi alisema. "Matufaha haya yameshinda ya asubuhi. Haya ndiyo ya kuwapelekea."

"Fundi," mke alisema. "Hicho ni kiazi."

Alicheka kwanza. Alimtazama dada yake ili wacheke pamoja, maana hii ilikuwa fursa ya upinzani ya mwaka mzima. Dada yake alikuwa akitazama sakafu. Fundi aliigeuza ile bahasha, akaangalia ndani, akapachika kidole, akatoa kipande, akakishika kwenye mwanga wa mlango. Halafu akaiweka kwenye kisahani, akakisogeza kisahani katikati ya meza, mbali kidogo na yeye, kama mtu anayerudisha funguo za ofisi.

"Tangu lini?" mke aliuliza.

"Tangu nianguke."

Aliongea akiitazama ile sehemu ya ukingo iliyomeguka. Alisema siku aliyotoka hospitali aliletewa chai, akadhani wamempa maji ya moto yenye rangi. Alidhani itarudi. Sukari ulimi bado unaijua, chumvi pia, uchungu pia. Lakini vile vitu vingine, mdalasini, samaki, moshi, hata harufu ya nywele za mkewe, vimeondoka vyote siku moja. Sabuni na sambusa kwake tofauti ni povu.

"Na hizo asubuhi zote ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe. Zikikutoka vizuri unasimama namna fulani. Zisipokutoka vizuri unafuta mikono mara mbili. Nimekosea mara moja tu."

"Mara moja," mke alisema. Ndipo akamwambia yote: keshia na glasi ya maji, mpishi na gesi, mlango wa nyuma, paka. Hakupandisha sauti. Alimwambia pia kwamba aliwaambia kosa ni lake, na kwamba jana yake alikuwa ameiona ile ndoo na moyo wake ukakataa, lakini akaamini pua ya mumewe kuliko yake. "Kwa nini hukuniambia? Kipofu huficha upofu akapewa usukani?"

Mikono ya fundi, iliyokuwa na makovu madogo ya cheche, ililala juu ya magoti bila kazi.

"Ningekuambia, ungenibakishia kazi gani?"

Swali hilo lilikaa mezani pamoja na kiazi. Mke alichukua kisahani, akakiosha, akakisimamisha kwenye chanja. Wifi alimaliza bahasha yake mpaka ukoko wa mwisho, akasema kwa sauti ndogo isiyokuwa yake kwamba kwa kiazi, si mbaya. Hakuna aliyecheka. Usiku huo fundi alilala ameelekea ukutani, na mkewe alijua hajalala, naye hakumgusa, kwa sababu bado alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa halali.

*

Ijumaa alfajiri fundi alinawa, akachana nywele, kisha akasimama karibu na kiti chake bila kukaa, kama mgeni ambaye hajaambiwa akae. Ndoo nyeupe ilikuwa nje, imejaa mchanga, mfuniko umetoboka kwa msumari. Aliutoboa mwenyewe.

Matufaha ya safari hii yalikopwa sokoni kwa mdomo mtamu wa wifi, ambaye aliahidi muuzaji kumsuka binti yake mpaka Krismasi. Yalikatwa asubuhi ileile, kwenye sufuria. Jiko lilitolewa uani, kwenye hewa. Mafuta yalipoanza kuimba, bahasha ya kwanza ikaingia, ikageuka, ikatoka.

Mke aliiweka kwenye kisahani cha bluu. Alikaa nacho mkononi. Wifi alinyoosha mkono, akasema yeye yuko tayari kulitumikia taifa. Mke alisema hapana. Akaingia ndani, akatoka na kikombe kitupu cha bati, akampa mumewe.

"Nishikie."

Aliuma kipande. Akatafuna taratibu, mpaka akafika kwenye tufaha, mpaka akafika kwenye mdalasini. Kisha akainama, akatema vyote ndani ya kikombe ambacho mumewe alikuwa amekishika chini ya kidevu chake kwa mikono miwili. Akasukutua kwa maji, akatema tena. Fundi alisubiri. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kusubiri upande huo wa kisahani.

"Ikoje?" aliuliza.

Mke alipangusa mdomo. Angeweza kusema neno moja, neno lake la kila siku. Badala yake alimwambia kwamba ukoko unavunjika kwanza, halafu kuna ndimu kidogo, mbele, upande wa ulimi. Halafu tufaha, ambalo halijalainika sana. Mdalasini unakuja mwisho, na unabaki. Hakuna kingine ndani, alisema. Nimetafuta.

Fundi aliitikia kwa kichwa kila kimoja. Kisha akaenda kumwaga kikombe.

Walikwenda kiwandani pamoja, yeye amebeba kikapu, mkono mmoja ukigusa ukuta kwa ajili ya kizunguzungu. Getini askari aliuliza leo wameleta lita ngapi, na wale washonaji wakacheka wakapisha mbali kuliko ilivyolazimu. Fundi alitaka kusema kitu. Mkewe alimvuta shati kwa nyuma, wakapita.

Ilikuwa meza ileile. Mpishi mkuu alivuta kiti chake nyuma kidogo, na keshia alikuwa ameweka glasi yake ya maji tayari. Msimamizi alifunua kitambaa, akatazama, akatulia.

"Nani ameonja?"

Fundi aliangalia sakafu.

"Mimi," Mama Bahasha alisema. "Na mume wangu alikuwepo."

Msimamizi alichagua bahasha ya pembeni, akaishika kwa ncha za vidole. Akauma kidogo sana, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Akatafuna. Uso wake haukusema chochote. Ulikuwa uso wa ofisini, uliofundishwa kutosema. Mama Bahasha aliutazama mpaka macho yakamwuma, asione kitu. Hakujua afanye nini na mikono yake, akaifuta kwenye gauni mara mbili.

Lakini nyuma yake alisimama mtu aliyekuwa amekula kwa macho ya wengine tangu alipotoka hospitali. Aliona taya la msimamizi likipunguza mwendo, si kwa kutaka kutema, bali kwa kutaka ladha ibaki. Aliona vile vidole vilivyoshika kwa ncha vikisogea, vikashika kwa kiganja. Keshia alitafuna yake, akaisukuma glasi pembeni bila kuinywa. Mpishi mkuu bado hakuwa amegusa yake. Hakuna aliyekuwa amesema neno.

Fundi aliinama sikioni mwa mkewe.

"Tamu," alisema.